Wajomba wa Siwema Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika kunde na kugombana na wakwe zao kama sisi tu, alikuwepo Nguchiro mmoja jina lake Siwema. Sogeeni karibu. Na wewe uliye nyuma, weka chini huo muwa. Hadithi na muwa havitafunwi pamoja.

Siwema alikuwa mjane. Marehemu mumewe alimwachia watoto watatu, nyumba ya udongo juu ya kilima, chemchemi ndogo nyuma ya nyumba, na mama mkwe aitwaye Bibi Mashavu. Katika urithi wote huo, kilichopiga kelele zaidi kilikuwa mama mkwe.

Kisa cha kelele ni kwamba Siwema alipenda kutazama vitu. Si kutazama kwa kupita, la! Alichuchumaa, mkia kaunyoosha nyuma, macho kayatoa. Akiona kijiko kimeteleza mezani, alikirudisha akakitelezesha tena. Akimwona mwanawe mdogo anausukuma mlango karibu na bawaba, analia kwa sababu haufunguki, alimsogeza mpaka ukingoni, mbali na bawaba, kisha akamwambia, "Sukuma hapa." Mlango ukafunguka, swaa! Mtoto akacheka, na mama yake akarudi kuchuchumaa, akiufungua na kuufunga mlango kwa kidole kimoja, sasa karibu na bawaba, sasa mbali nayo.

"Ee Mola wangu!" alilalama Bibi Mashavu. "Wakaza mwana wa wenzangu wanasuka mikeka. Wangu mimi anacheza na mlango!"

"Sichezi, Mama. Hebu njoo uone. Huku mlango mzito, huku mwepesi. Na mlango ni huohuo mmoja!"

"Mlango ni mlango. Kunde zinaungua!"

Siwema akakimbilia jikoni, akaipua sufuria, akaifunika gubi! na kuiweka kwenye beseni la maji ipoe. Baadaye alipotaka kupakua, mfuniko ukakataa kutoka. Akavuta. Ng'o! Akavuta tena, sufuria nzima ikainuka pamoja na mfuniko wake.

Mnafikiri alikasirika? Alifurahi kama aliyeokota yai! Akairudisha sufuria motoni, akasubiri kidogo, na mfuniko ukaachia wenyewe, po!

"Mama! Mvuke ukipoa ndani hunywea, na hewa ya nje huukandamiza mfuniko. Ukipata moto tena—"

"Watoto wana njaa," alisema Bibi Mashavu. "Mfuniko hauliwi."

Basi hivyo ndivyo walivyoishi. Mpaka mwaka ule mvua ilipogoma.

Iligoma kabisa. Mto ukawa mchanga, na bwawa la Bwana Kiboko likakauka mpaka likapasuka kama kisigino. Chemchemi iliyobaki na maji ilikuwa moja tu, ile ya Siwema. Alikuwa akiwachotea majirani ndoo ndoo, kila mmoja kwa zamu, na maji yaliwatosha wote kwa sababu hakuna aliyeogelea ndani yake.

Asubuhi moja ardhi ikaanza kutikisika. Gudu! Gudu! Gudu! Vikombe vikagongana kabatini. Watoto wakaingia uvunguni mwa kitanda, na Siwema akachungulia kwenye ufa wa mlango. Alikuwa Bwana Kiboko, kajifunga msuli, jasho linamtiririka, kivuli chake kimeifunika nyumba nzima.

"Hodi humo!"

"Karibu, Bwana Kiboko. Habari za huko chini?"

"Sikuja kwa habari. Nimekuja kuhamia," alinguruma Kiboko. "Kuanzia leo chemchemi hii ni yangu, nitalala ndani yake. Nyumba nitaifanya ghala la majani. Wewe na vitoto vyako tafuteni shimo. Si ndiyo kawaida yenu, nguchiro?"

Siwema akapiga hesabu. Kiboko akilala ndani ya chemchemi ile, ingebaki tope tupu, na kilima kizima kingekufa kwa kiu. Na komeo la mlango lilikuwa bovu tangu mumewe afariki. Aliutazama ule mlango. Akautazama vizuri zaidi. Kisha mkia wake ukaanza kucheza.

"Karibu uingie, Bwana Kiboko," aliita kwa sauti ya asali. "Ila mjomba wangu kakaa nyuma ya mlango, na hapendi kuamshwa kwa fujo."

"Mjomba gani?"

"Mjomba Bawaba. Haonekani kwa macho, ila ana nguvu ajabu. Wanaomjua huwa hawamsukumi kwa kidole kimoja."

"Kidole kimoja!" Kiboko alicheka mpaka mashavu yakapigana. "Mimi kwa kidole kimoja huangusha mnazi!"

"Aa, usijitaabishe. Tumia viwili. Au mkono mzima, si aibu kwa mtu wa umri wako."

"Nimesema kimoja! Yuko wapi huyo mjomba?"

Siwema akagonga mlango kwa ndani, karibu kabisa na bawaba, ko ko ko! "Kifua chake ndicho hiki hapa. Lenga hapa."

Huku akisema hivyo, yeye mwenyewe alikuwa kaegemea ukingo wa pili, mbali na bawaba, miguu kaikita sakafuni, na Bibi Mashavu kamvuta ubavuni.

"Egemea, Mama," alinong'ona.

"Leo tunakufa," alijibu Bibi Mashavu. Lakini akaegemea.

Kiboko akakiweka kidole chake kinene pale alipoonyeshwa. Akasukuma. Mlango ukalia kwii, usiende popote. Akasukuma tena, kidole kikapinda, jasho likamwingia machoni. Mlango, kimya.

"Amekaza!" alishangaa Kiboko.

"Bado hajaamka vizuri," alisema Siwema. "Huyo hapo anapiga miayo tu."

Kiboko akarudi nyuma hatua chache, akajikuna sikio. Hofu hakuijua bado, ila njaa aliijua, na harufu ya kunde ilikuwa inampita puani. "Basi nipe chakula kwanza. Nikishiba nitamwonyesha mjomba wako kazi."

Siwema hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akaipua sufuria iliyokuwa ikitokota, akaibana kwa mfuniko, akaitumbukiza kwenye beseni la maji, tssss! Akampigia Kiboko soga za hali ya hewa mpaka ikapoa barabara, halafu akaipitisha dirishani.

"Kula, baba. Mwombe tu Mjomba Mfuniko akuruhusu."

"Mjomba mwingine?"

"Tuko ukoo mkubwa."

Kiboko akaushika mfuniko. Kishikio chenyewe kilikuwa kidogo kama kishungi cha kofia, na vidole vyake vilikishika kwa ncha tu. Akavuta. Sufuria nzima ikapanda hewani. Akaibana magotini, akavuta tena, vidole vikachomoka, na Kiboko akakaa chini kwa nguvu ambazo hakuzipanga. Ndii!

"Anang'ang'ania!" alipiga kelele. "Mjomba huyu mchoyo!"

"Si mchoyo, anataka adabu tu. Nirudishie." Siwema akaiweka sufuria motoni mbele ya dirisha, Kiboko aone kila kitu. Akaiinamia, akasema kwa unyenyekevu mkubwa, "Shikamoo Mjomba. Mgeni ana njaa. Tafadhali."

Wakasubiri kidogo. Po! Mfuniko ukaachia.

Macho ya Kiboko yakawa kama visahani. Alikula kunde zote, ndiyo, kwa sababu hofu ni hofu na kunde ni kunde. Lakini alipomaliza hakuugusa tena mlango. Alishuka kilima haraka, akigeuka nyuma kila mara.

"Ameondoka!" alishangilia Bibi Mashavu.

"Ameondoka na shibe yetu," alisema Siwema. "Na mtu wa namna ile akiogopa peke yake, huenda kutafuta mwenzake."

Kweli bwana. Jua halijafika utosini, kilima kikatetemeka tena. Mara hii Kiboko alikuja na Bwana Nyati, na Nyati, wanangu, hakuwa mjinga. Alikuwa na pembe pana kama mizani, na jicho la mtu asiyeamini hata salamu.

"Mjomba asiyeonekana," alisema Nyati kwa dharau. "Kiboko, mimi nimefungua milango mingi, sijawahi kumkuta mjomba nyuma yake. Ulisukuma wapi?"

"Pale aliponiambia. Karibu na bawaba."

"Na kwa nini usisukume huku?"

Nyati akaweka kwato yake ukingoni mwa mlango. Swaa! Mlango ukafunguka wote, na Bibi Mashavu aliyekuwa kauegemea akaanguka kifudifudi mbele ya wageni.

"Simwoni mjomba," alisema Nyati. "Namwona bibi kizee aliyelala chini."

Ujanja umefichuka, mlango uko wazi, na watoto wako uvunguni. Nyati akajitupa ndani, lakini, ga! Pembe zikakwama kwenye miimo ya mlango, moja huku, moja huku. Ndani kulikuwa na giza na yeye katoka juani. Akapepesa macho asione kitu.

Siwema akavuta pumzi. Akacheka, tena kwa sauti.

"Hongera, Bwana Nyati! Umefungua kwa sababu Mjomba Bawaba hayupo. Amekwenda kupumzika kwa kaka yake mkubwa."

"Kaka yupi?" aliuliza Kiboko kutoka nyuma, sauti imenyong'onyea.

"Mjomba Nguzo. Yule hafungi mlango wala hafuniki sufuria. Yule hushika. Akinishika mimi mkono, hakuna wa kunitoa humu."

"Upuuzi!" Nyati alichomoa pembe zake kwa shida.

"Basi tuvutane kamba," alisema Siwema. "Mimi nitakaa humu ndani, ninyi huko nje, kamba ipite dirishani. Mkiniburuta mpaka dirishani, nyumba na chemchemi ni zenu. Jua likizama sijaburutwa, mtateka maji kwa ndoo kama majirani wengine."

Nyati alimwangalia: kiumbe wa urefu wa mwiko. Akamwangalia Kiboko: mlima wenye msuli. Akatabasamu. "Tumekubali."

Siwema aliufunga mlango. Bibi Mashavu alimshika bega, na safari hii hakuwa na kelele. "Mwanangu, umetuuza."

"Mama, unakumbuka siku marehemu alipoinua boriti ya paa peke yake? Alipochoka aliizungusha kamba kwenye nguzo ya kati, akaishika ncha kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanywa uji. Boriti ilining'inia pale, isishuke hata kidogo. Nami nilikuwa nimechuchumaa, natazama."

"Boriti si Kiboko na Nyati."

"Najua," alisema Siwema, akiipapasa nguzo. Alijua kamba ikiizunguka nguzo huibana, na kila mzunguko huongeza mbano. Alikwisha kuijaribu na watoto wote watatu wakivuta. Lakini mafahali wawili hakuwa amewajaribu. Na nguzo ile ndiyo iliyobeba paa. Ikivunjika, nyumba ingewafunika wote. "Wapitishe watoto dirisha la nyuma, Mama, mkakae mbali."

Bibi Mashavu akawatoa watoto. Kisha yeye mwenyewe akarudi, akajisimamisha kando ya nguzo, mikono kiunoni.

"Mama, nimesema nenda."

"Nguzo hii aliichimbia mwanangu. Sitaiacha ivutwe na wageni peke yake."

Siwema alitupa kamba ya katani dirishani. Ncha iliyobaki ndani akaizungusha kwenye nguzo: mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, akaongeza nyingine, na nyingine tena ili roho yake itulie. Mwisho wake akaushika kwa vidole viwili.

"Tayari!"

"Vuta!" alinguruma Nyati.

Kamba ikakazika, tang! Ikalia kwiiii kwenye mti. Vumbi likamwagika darini. Siwema akafumba macho, akingoja vidole vyake ving'oke. Akafumbua jicho moja. Vidole viko palepale. Kamba haikusogea hata unene wa ukucha!

"Vuta, Kiboko, umelala?"

"Ninavuta! Wewe ndiye uliyelala!"

"Heee-ya! Heee-ya!"

Nje kwato zilichimba mitaro. Ndani, nguzo ilinuka kama ukuni uliosuguliwa, lakini ilisimama. Bibi Mashavu aliitazama ile kamba, akavitazama vile vidole viwili, kinywa kikabaki wazi. Siwema akanyoosha mkono wa pili, akachukua bakuli lenye punje chache za kunde zilizobaki, akaanza kutafuna.

"Mnavuta?" aliuliza kwa sauti. "Mjomba anauliza kama mmeshaanza."

Hapo ndipo Nyati alipochanganyikiwa kwa hasira. "Tuweke uzito wote! Tulale nyuma kabisa! Kwa pamoja! Moja... mbili..."

Siwema akasikia. Mkia ukaanza kucheza.

"Tatu!"

Akaachia.

Fwiiiiii! Kamba ikajifungua kwenye nguzo kama nyoka aliyekanyagwa, ikatoka dirishani. Na wale wawili, waliolala nyuma kwa uzito wao wote, hawakuwa na kitu cha kuwashikilia tena. Wakaondoka. Kiboko alibiringika kama pipa, gudu-gudu-gudu! Nyati alipinduka, miguu juu, pembe chini, akaja nyuma yake. Kilima kilikuwa kirefu. Na chini ya kilima, wanangu, kulikuwa na nini? Kichaka cha upupu!

Paaa!

Halafu, "Aa! Aaa! Aiii! Unawasha! Nikune! Nikune mgongoni!"

"Nikukune na mimi nani anikune?"

Walipanda tena wakijikuna, kharara, kharara, Nyati kajifungia kamba shingoni kama ushahidi. "Tumeshinda! Kamba tunayo sisi!"

Siwema alikuwa kakaa sakafuni palepale, bakuli mapajani. "Mapatano yalikuwa mniburute mimi. Kwani hapa si palepale?"

Nyati akaitazama kamba. Akafikiri. Kwa kuwa alikuwa na akili, alijua ameshikwa. Tena alikuwa anawashwa.

"Una majivu?" aliuliza kwa upole usio wake.

"Majivu yapo tele. Na maji ya kunawia yapo," alisema Siwema. "Kwa ndoo."

"Kwa ndoo," alikubali Nyati.

"Kwa ndoo, mama," aliongeza Kiboko, akijisugua kwenye ukuta.

Bibi Mashavu mwenyewe ndiye aliyewapaka majivu, na hakuwapaka polepole.

Tangu siku ile mpaka mvua iliponyesha, Kiboko alipanda kilima kila asubuhi na ndoo yake. Kabla ya kuteka, alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema kwa heshima, "Shikamoo Mjomba Bawaba. Shikamoo Mjomba Mfuniko. Shikamoo Mjomba Nguzo." Siwema, akiwa ndani, alijibu kwa sauti nzito, "Marahaba, mwanetu," kisha akajiziba mdomo kwa kanga.

Nyati hakuamkia. Ila kila alipopita aliugusa mlango, huku kidogo, huku kidogo, akionekana anawaza.

Na alasiri moja Siwema alirudi kutoka chemchemini, akakuta nyumba imetulia mno. Akachungulia. Bibi Mashavu alikuwa amechuchumaa chini ya nguzo, kamba kaizungusha mara nne, wajukuu wote watatu wanavuta upande wa pili mpaka wamekuwa wekundu macho, na yeye kaishika ncha kwa kidole kimoja, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

"Mama! Unafanya nini?"

Bibi Mashavu alishtuka, akajitengeneza kilemba.

"Hunioni? Namwamkia mjomba," alisema. "Na ukanitazamie kunde, zisiungue."

Hadithi imefika kizingitini. Ikiwa imewanogea, ipelekeni kwenu. Ikiwa haikuwanogea, iacheni hapahapa, mimi nitalala nayo. Ila shikeni hili moja: mwenye nguvu husukuma popote, mwenye macho hujua pa kusukuma.